Anti, wanamcheka mdogo wangu kwa Kiingereza chake, na baba anataka arudishe taji

Shikamoo Anti,

Ninakuandikia kuhusu mdogo wangu wa kike. Ana miaka 21 na mwaka huu ameshinda taji la urembo la mkoa wetu. Mama yetu alifariki yeye akiwa bado mdogo sana, mimi ndiye niliyemlea, kwa hiyo kila linalompata naliona kama limenipata mimi.

Usiku ule wa mashindano aliulizwa swali jukwaani kuhusu wasichana wanaopata ujauzito wakiwa shuleni. Alijibu kwa Kiswahili. Alisema ruhusa ya kurudi masomoni ipo tangu mwaka 2021, kilichobaki ni nani atakaa na mtoto nyumbani wakati mama yake yuko darasani. Ukumbi mzima ulisimama, Anti. Nililia. Hata baba, ambaye hakutaka ashiriki tangu mwanzo, aliomba atumiwe ile video.

Baadaye akaalikwa kwenye kipindi kimoja cha televisheni. Walikubaliana mahojiano yatakuwa kwa Kiswahili. Katikati ya kipindi mtangazaji akageuza, akamuuliza kwa Kiingereza mradi wake unahusu nini. Mdogo wangu alishtuka. Alianza sentensi tatu asimalize hata moja, akachapia, mwisho akacheka kwa aibu na kunyamaza. Kipande hicho kikakatwa na kusambazwa. Wakasema ana Kiingereza cha kuombea maji, wakasema ni sura tupu, wakauliza majaji walilipwa shilingi ngapi. Wapo waliotengeneza video za kumuigiza. Wengine wamemtukana matusi ambayo siwezi kukuandikia hapa.

Lililofuata ndilo lililoharibu kabisa. Alipangiwa kutembelea kituo cha kulelea watoto, saa nne asubuhi. Alifika saa saba mchana. Gari la kamati lilichelewa kumfuata, hilo ni kweli, lakini pia alikuwa bado saluni. Watoto walikuwa wameshavalishwa sare na kupangwa nje tangu asubuhi. Mwandishi wa habari alipomuuliza sababu za kuchelewa, alimjibu kwamba yeye haongei na watu wa udaku, akaingia ndani. Hiyo nayo ikarekodiwa. Kisha mtu akachimbua picha ya sherehe ya rafiki yake, ana glasi mkononi, na sasa wimbo umekuwa mmoja: hajui Kiingereza na hana adabu, ametuaibisha.

Waandaaji wanataka arekodi video ya kuomba radhi kwa wananchi wa mkoa wetu. Wamemwandikia maneno ya kusema, yote kwa Kiingereza, ayakariri, ili aonyeshe kwamba anajua. Baba kwa upande wake anasema hawezi tena kukaa kijiweni na wenzake, anataka mtoto arudishe taji na arudi nyumbani. Na mashindano ya ngazi ya juu yanakuja. Mimi nafikiria kumtafutia mwalimu wa Kiingereza haraka haraka, ingawa fedha yenyewe ni ya kuunga. Mdogo wangu haongei. Anajifungia chumbani na simu.

Nifanye nini, Anti? Arekodi hiyo video? Arudishe taji?

Dada mtu, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na video kwa sababu hiyo haisubiri: asiirekodi. Mtoto anayetetemeka, anayesoma maneno aliyoandikiwa, katika lugha ileile iliyomkwamisha, akiomba msamaha kwa kosa ambalo si kosa. Hao waliokata kipande cha kwanza watakikata na hicho. Waambie waandaaji kwa heshima kwamba hatoomba radhi kwa Kiingereza chake, leo wala kesho, na kwamba kuna jambo jingine ambalo ataliombea radhi, kwa watu wake na kwa namna yake. Nitalifikia.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kinachonisumbua ni jinsi mambo mawili yasiyohusiana yalivyofungwa kitita kimoja. Hajui Kiingereza na hana adabu. Ukiyaacha yamefungwa hivyo, mtatetea yote au mtakubali yote, na mtakosea kotekote. Yafungue.

Tuanze na Kiingereza. Mdogo wako, naamini, alisoma kama walivyosoma watoto wengi wa nchi hii. Shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili, na imekuwa hivyo tangu 1967. Mtoto anaingia kidato cha kwanza, anakuta biolojia, jiografia, historia, vyote vimegeuka Kiingereza, na mwalimu aliye mbele yake mara nyingi hufafanua kwa Kiswahili ili kipindi kiende. Anachojifunza pale ni kunakili maelezo ubaoni na kujibu mtihani. Kukaa mbele ya mtu na kuzungumza, kutafuta neno, kulikosa, kuzunguka na kulisema kwa njia nyingine, hilo hafundishwi na mtu. Kwa hiyo binti anaweza kufaulu vizuri kidato cha sita na bado akakwama mbele ya kamera. Wengi wanaomcheka wametoka kwenye madarasa hayohayo. Wanajua. Ndiyo maana kicheko chao ni kikali, kwa sababu kila mmoja anashukuru kwamba kipaza sauti hakikuelekezwa kwake.

Na angalia nani anayechekwa. Mchezaji wa mpira akihojiwa baada ya mechi akajibu kwa Kiswahili, tunamsikiliza alichosema kuhusu mechi. Binti mwenye taji akijibu kwa Kiswahili anaambiwa hana kichwa. Hili linanikera, na ninalisema wazi. Jibu lake la jukwaani ulilonieleza lina akili kuliko hotuba nyingi nilizowahi kuzisikia kuhusu jambo hilo. Aliona kwamba ule uamuzi wa Novemba 2021 ulifungua mlango wa shule lakini haukumpa yule msichana mtu wa kubaki na mtoto wake. Huyo ni mtu anayefikiri, na alifikiri kwa Kiswahili.

Watu watawaambia kwamba mashindano makubwa ni Kiingereza mtindo mmoja. Si kweli. Mrembo wa Mexico aliyetwaa Miss Universe mwaka 2010, Ximena Navarrete, alijibu swali la mwisho kwa Kihispania, mkalimani akatafsiri. Sheynnis Palacios wa Nicaragua alifanya hivyohivyo mwaka 2023 na taji likaenda kwake. Mwaka 2018, mashindano yalipofanyika Bangkok, mshiriki wa Marekani alisikika kwenye video akiwazungumzia wenzake wa Vietnam na Kambodia kwa namna iliyoonekana ni kuwabeza kwa sababu ya Kiingereza chao. Aliyelazimika kuomba radhi hadharani ni yeye Mmarekani. Yule wa Vietnam, H'Hen Niê, alijibu kwa lugha yake kupitia mkalimani na akaingia tano bora, hatua ambayo nchi yake ilikuwa haijawahi kuifikia. Mdogo wako aijue hiyo habari. Mwonyeshe.

Kuhusu mtangazaji: kama mlikubaliana lugha moja naye akageuza hewani, alimkosea mgeni wake. Msimtangaze wala msimtukane, lakini tangu sasa makubaliano ya lugha yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu tu, kabla ya kila mahojiano. Na akigeuziwa tena, mdogo wako awe na sentensi moja tayari: naomba nijibu kwa Kiswahili ili nieleze vizuri. Aiseme akitabasamu, aendelee moja kwa moja na jibu, asicheke kwa aibu, asiombe samahani. Mfanyie mazoezi nyumbani. Umuulize swali kwa Kiingereza ghafla, hata akiwa anakula, mpaka sentensi hiyo itoke yenyewe.

Sasa hilo la mwalimu. Ninaliunga mkono, ila si kwa haraka haraka na si kwa fedha ya kukopa. Kiingereza kitamfaa. Ngazi za juu atakutana na wadhamini, waandishi wa nje, wenzake wa nchi nyingine atakaokaa nao kambini, na ni vizuri aweze kujisemea bila kutegemea mtu. Lakini akijifunza ili kuwanyamazisha wa mitandaoni hataweza, maana hao siku akinyoosha sarufi watahamia kwenye lafudhi. Ajifunze kwa ajili ya mradi wake. Aanze na mambo anayoyajua na kuyapenda: wasichana wenye watoto, shule, malezi. Aandike anachotaka kusema kwa Kiswahili kwanza, achague mambo machache ya msingi, kisha ajifunze kuyasema kwa Kiingereza chepesi cha sentensi fupi. Asikariri hotuba. Ajirekodi kwenye simu, asikilize, arudie. Atafute mtu mmoja mvumilivu wa kuzungumza naye kila siku, anaweza kuwa mwanafunzi wa chuo au mwalimu wa sekondari aliye jirani, ambaye hatamkatiza kila akikosea. Miezi ya kazi hiyo itamsaidia kuliko wiki mbili za mwalimu ghali.

Nimemaliza na Kiingereza. Tuje kwenye adabu, na hapa mwanangu nitasema lisilokupendeza.

Watoto walikaa nje na sare kuanzia saa nne mpaka saa saba. Gari lilichelewa, sawa. Lakini umeniambia mwenyewe kwamba gari lilipochelewa alikuwa saluni, na hukuniambia kwamba kuna aliyepiga simu kituoni kuwaambia walezi wawaingize watoto ndani. Hilo ndilo kosa lenyewe. Hakuna uhusiano wowote kati yake na lugha, na kelele za mitandaoni zisimfanye ajione ameonewa hata pale ambapo hakuonewa. Ile ziara ndiyo kazi. Taji ni ruhusa tu ya kwenda kuifanya. Hata Miss World, kwa miaka mingi sasa, hupima miradi ya kijamii ya washiriki chini ya jina Uzuri wenye Malengo, na tukiwataja warembo wetu wa zamani leo tunawataja kwa walichofanya. Nancy Sumari alitwaa Miss World Afrika mwaka 2005 kule Sanya, China, lakini wazazi wengi wa leo wanamjua kwa kazi yake na watoto. Faraja Kotta, Miss Tanzania wa 2004, alianzisha Shule Direct inayowafikishia wanafunzi masomo kwa njia ya mtandao. Jacqueline Ntuyabaliwe wa mwaka 2000 amepeleka maktaba kwenye shule za msingi. Millen Magese wa 2001 alisimama hadharani akaeleza ugonjwa wake mwenyewe, ule wa tishu za mji wa mimba kuota nje ya mji wa mimba, na wanawake wengi waliokuwa wakiambiwa wanadeka wakajua maumivu yao yana jina. Sikumbuki mtu yeyote akijadili nyakati za vitenzi vyao.

Basi arudi kituoni. Siku ya kawaida, bila gari la kamati, bila mpiga picha, bila taji. Apige simu kwanza kwa mlezi mkuu aulize siku inayowafaa wao. Afike mapema. Awaombe radhi walezi, na wale watoto wakubwa wanaoelewa, kwa maneno mafupi: niliwasubirisha, sikuwapa taarifa, haikuwa haki. Kisha akae afanye watakachomwomba, kuosha vyombo ikibidi, kuwasimamia watoto kwenye masomo ya jioni. Na asiiweke mtandaoni. Najua waandaaji watasema ni nafasi ya kusafisha jina. Akiipiga picha, watoto wale watakuwa wametumika mara ya pili.

Yule mwandishi naye apigiwe simu. Aliuliza swali la haki, akajibiwa kwa dharau. Kama kweli ni mtu wa udaku hilo halibadilishi kitu, swali lilikuwa la haki. Mazungumzo ya dakika mbili yanatosha: nilikujibu vibaya, samahani, sababu ya kuchelewa ilikuwa hii. Akitaka kuandika aandike.

Baada ya hayo mawili kufanyika, na si kabla, kama waandaaji bado wanahitaji tamko, atoe moja kwa Kiswahili, yeye mwenyewe, maneno yake: nilichelewa kituoni, nimewaomba radhi niliowakosea, naendelea na mradi. Lisizidi hapo. Neno Kiingereza lisiwemo.

Picha ya glasi naiacha. Ni mtu mzima, alikuwa kwenye sherehe ya rafiki yake, hakuwa kwenye shughuli ya taji. Ila kachukueni mkataba wake muusome wote, wewe na yeye, muone unasemaje kuhusu mwenendo, picha na matangazo, na unampa nani haki ya kumvua taji na kwa sababu zipi. Nina hofu kwamba hamna hata nakala. Kama hamna, iombeni kwa maandishi. Mashindano haya yapo chini ya usimamizi wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na mkikwama na waandaaji kuna mlango wa kugonga.

Matusi ni jambo jingine tena. Kumwambia mtu Kiingereza chake kibovu ni ukorofi. Kumtukana matusi ya nguoni, kumtishia, kutengeneza picha chafu kwa sura yake, huko ni kuvunja sheria. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na inagusa unyanyasaji wa namna hiyo. Chukua simu yake ikae kwako kwa siku chache. Usimjibu mtu. Piga picha za skrini za yale mabaya kabisa, zionyeshe jina la akaunti na tarehe, uzihifadhi, kisha uende polisi nazo kama kuna vitisho au picha chafu. Hayo mengine yaache. Na wewe pia usiyasome usiku, maana umesema yanakupata wewe.

Baba. Usibishane naye. Aibu yake ni ya kweli kwake, na mtoto wa kike kusemwa vijiweni kunamuumiza mzazi hata kama wanaosema hawana hoja. Tafuta mtu anayemsikiliza, baba mdogo au rafiki yake wa zamani, amwambie mambo mawili. Kwanza, kwamba binti yake ataenda kuwaomba radhi walezi wa kituo, maana naamini moyoni mwake hilo ndilo limemkera kama mzazi kuliko Kiingereza. Pili, kwamba taji hurudishwa kwa sababu zinazohusu kanuni. Mwaka 2014 mshindi wetu wa taifa aliliachia baada ya mzozo kuhusu umri wake, na wa pili akachukua nafasi. Kuhusu mdogo wako hakuna aliyesema amedanganya kitu. Akilirudisha kwa sababu ya sentensi tatu ambazo hazikumalizika, kila binti wa shule ya kata anayeota kupanda jukwaa hilo atajua kwamba si lake. Halafu mwombe baba ailete ile video ya usiku wa ushindi aliyoomba atumiwe, muitazame wote pamoja.

Kuna kitu kimoja sijakiona popote kwenye barua yako. Umeniambia waandaaji wanataka nini, baba anataka nini, wewe unafikiria nini, watu wa mitandaoni wanasema nini. Hujaniambia yeye anataka nini. Kabla ya simu ya kituoni, kabla ya mwalimu, kabla ya waandaaji, ingia chumbani umuulize, na umpe muda wa kujibu hata kama atakaa kimya siku nzima. Akisema anataka kuendelea, shika hayo niliyokwambia kwa mpangilio huo, kituo kikiwa cha kwanza. Akisema amechoka, kwamba kazi hii si yake na alishaanza kuhisi hivyo kabla hata ya ile televisheni, basi alirudishe taji kwa barua yenye heshima, baada ya kwenda kituoni, na wewe umsaidie kuiandika. Uamuzi huo utakuwa wake. Kwa vyovyote vile, niandikie.

Anti